Nani Alipe Karo ya Chuo Kikuu?

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imeniagiza niseme nanyi juu ya jambo lililoletwa mezani kwa njia ya hoja mbili. Hoja ya kwanza yasema kwamba chama chetu kiwaandikie Wabunge barua ya kutaka masomo ya chuo kikuu yatolewe bure kwa kila kijana aliyefaulu, gharama zote zitoke katika hazina ya Serikali. Kisha sisi tuufunge mfuko wetu wa karo, na fedha zake zigeuzwe kuwa za matibabu na mazishi. Hoja ya pili yapinga. Yasema kwamba atakaye shahada na ailipie mwenyewe, kama vile anunuaye shamba hulilipia shamba lake, na kwamba si haki kumtwika mlipa kodi mzigo wa mtoto wa jirani.

Kila hoja ina wazee wenye busara nyuma yake. Sikusimama hapa kumshinda mtu. Nimeombwa niyapange maneno haya mbele yenu, niyapime kwa yale yaliyokwisha kutokea nchini mwetu na katika nchi za wenzetu, kisha niseme nionavyo mimi. Baada ya hapo kura ni yenu.

MAANA YA NENO BURE

Yafaa kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Hakuna mwalimu afundishaye pasipo mshahara, wala maabara ijengwayo pasipo saruji. Mtu akisema kwamba chuo fulani ni cha bure, maana yake ni kwamba mwanafunzi hatoi fedha mlangoni. Lakini yuko aliyekwisha kumtolea, naye ni mlipa kodi.

Na mlipa kodi ni nani? Wengi wetu hudhani ni tajiri, au ni mtu wa ofisini ambaye mshahara wake hukatwa kabla haujamfikia mkononi. Hao hulipa, ni kweli. Lakini mama auzaye sukuma wiki sokoni naye hulipa. Akinunua mche wa sabuni, ndani ya bei yake imo kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni shilingi 16 katika kila 100. Akiongeza fedha katika simu yake, imo kodi humo pia. Hapewi stakabadhi yenye jina lake, wala hapigiwi makofi katika mkutano, lakini amelipa.

Kwa hiyo naomba swali letu tuliulize hivi: nani alipe, alipe lini, na yule anayelipa apate nini badala ya fedha zake?

YALIYOPITA HAPA KWETU

Wazee wanayakumbuka mengi kuliko mimi, ila nitayataja machache kwa faida ya vijana. Katika siku za ukoloni kijana Mwafrika aliyetaka masomo ya juu alitazama Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi, na mwaka 1949 ikapata daraja ya chuo kikuu chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Nairobi kilifunguliwa chuo cha ufundi mwaka 1956, nacho ndicho kilichokua hata kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Nafasi zilikuwa chache mno. Ndiyo sababu mwaka 1959, kwa juhudi za Tom Mboya, ndege iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 kwenda vyuo vya Marekani, na nyingine zikafuata. Kwa vijana wengi wa safari hizo, ndugu na majirani walichanga, na mifugo iliuzwa. Vyama kama hiki chetu vilijua maana ya kumsomesha mtoto wa mwenzio tangu zamani hizo.

Baada ya uhuru Serikali ilibeba mzigo wote. Mwanafunzi wa chuo kikuu alilipiwa masomo, malazi na chakula, akapewa na fedha kidogo za mfukoni. Sababu ilikuwa wazi: nchi ilihitaji madaktari, wahandisi, waalimu na maofisa wa kushika kazi zilizokuwa zimeshikwa na wageni. Kijana aliyesomeshwa namna hiyo alitakiwa kuitumikia Serikali kwa miaka 3. Hilo lilikuwa agano: taifa limlipie, naye alitumikie taifa.

Kisha wanafunzi waliongezeka, na hazina haikuongezeka kwa kadiri ile ile. Mwaka wa masomo 1974/75 Serikali ilianza kutoa mikopo kwa ajili ya matumizi ya mwanafunzi. Kwa bahati mbaya, wakopaji wengi hawakurudisha, wala hakukuwa na njia imara ya kuwafuata. Fadhila ya punda ni mateke. Mwaka 1991 ikaja kanuni ya kuchangia gharama, na wazazi wakaanza kulipa sehemu ya karo. Mwaka 1995 Bunge lilipitisha sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na waajiri wakapewa wajibu wa kukata deni katika mishahara.

Kwa muda wa miaka mingi baada ya hapo, mwanafunzi aliyechaguliwa na Serikali alitakiwa kulipa Sh. 16,000 kwa mwaka, ingawa gharama ya kumfundisha ilikuwa kubwa zaidi. Lakini tangu mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea pia wanafunzi wa kujilipia wenyewe, na vyuo vingine vikafuata. Hapo ndipo lilipotokea jambo la kushangaza. Vijana wawili waliketi katika darasa moja, mbele ya mwalimu mmoja. Mmoja alilipa karo ndogo kwa kuwa alipata alama za juu. Mwenziwe, aliyepungukiwa kidogo tu, alilipa mara nyingi zaidi. Na yule mwenye alama za juu aghalabu alikuwa ametoka katika shule nzuri ya bweni, ambayo baba yake aliweza kuilipia. Yule mwingine huenda alisoma shule ya kutwa isiyo na maabara. Msaada wa umma ulifuata alama, haukutazama umaskini.

Mambo yakafika mwaka 2023. Vyuo vya umma vilikuwa vimezama katika madeni, na Serikali ilitangaza mpango mpya. Karo ikahesabiwa kwa gharama halisi ya kila somo, na kila mwanafunzi akapimwa uwezo wa nyumbani kwao. Kwa kipimo hicho hupewa sehemu ya ruzuku isiyorudishwa, sehemu ya mkopo, na sehemu inayobaki hulipwa na jamaa yake. Maskini zaidi hupata ruzuku kubwa zaidi. Kwa maneno, mpango huu ni wa haki kuliko ule wa kwanza. Kwa vitendo ulileta vilio vingi, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitoa hukumu kwamba mpango huo ulikuwa kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufani.

Juu ya vilio hivyo nina ushahidi wa meza yangu. Wazazi hunijia ili niwasaidie kujaza fomu, kwa kuwa siku hizi hujazwa kwa kompyuta. Mmoja wao ni mjane aliye mwanachama wetu. Alijibu kila swali kwa ukweli, na majibu yaliporudi alikuwa amehesabiwa miongoni mwa wenye uwezo. Binti yake akakaa nyumbani muhula mzima. Mama huyo aliniuliza, "Mwanangu, ni nani aliyekuja kwangu akaona nina uwezo?" Sikuwa na jibu, maana hakuna aliyekuja.

YALIYOTOKEA KWA WENZETU

Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1962, wanafunzi walilipiwa na kupewa posho kutoka fedha za umma. Mwaka 1998 iliwekwa karo ya hadi pauni 1,000 kwa mwaka. Mwaka 2006 ikawa hadi pauni 3,000. Na mwaka 2012, upande wa Uingereza yenyewe, hadi pauni 9,000. Hata hivyo mwanafunzi hatoi fedha hizo mlangoni. Hukopeshwa, na huanza kulipa pale tu mapato yake yanapopita kiwango kilichowekwa. Na baada ya miaka mingi deni lililobaki hufutwa.

Uskoti walishika njia nyingine. Vijana wao wasomao kwao hawalipi karo. Lakini kwa kuwa Serikali yao ndiyo inayolipa kwa kila kichwa, idadi ya nafasi za vijana hao huwekewa mpaka. Ni bure kwa aliyeingia. Aliyekosa nafasi hubaki nje.

Ujerumani walijaribu karo, wakaiacha. Mwaka 2005 mahakama yao kuu ya Katiba iliruhusu majimbo kutoza, na baadhi yake yakatoza yapata euro 500 kwa kila muhula. Watu hawakupenda, na kufikia mwaka 2014 majimbo yote yalikuwa yameiondoa. Lakini tusisahau mambo mawili: wananchi wa Ujerumani hulipa kodi nzito, na vijana wao wengi hawaendi chuo kikuu, bali hujifunza kazi viwandani na katika shule za ufundi, nao huheshimiwa kwa kazi hiyo.

Marekani, chuo cha mji wa New York kilichofunguliwa miaka ya 1840 kilifundisha watoto wa maskini pasipo karo mpaka mwaka 1976, baada ya mji kukaribia kufilisika. Siku hizi madeni ya wanafunzi katika Marekani yote yamepita dola trilioni 1.6, na jambo hili limekuwa fitina kubwa ya siasa zao. Baadhi ya majimbo yametafuta dawa. Jimbo la Tennessee lilipitisha sheria mwaka 2014 ya kuwalipia karo vijana wanaotoka sekondari kwenda vyuo vya miaka 2 na vya ufundi. Walianzia chini, hawakuanzia juu.

Australia waliondoa karo mwaka 1974, na mwaka 1989 wakairudisha kwa namna nyingine: msomi hulipa baadaye, kupitia kodi ya mapato, akiwa amekwisha kupata kipato cha kutosha.

Afrika Kusini, mwaka 2015, wanafunzi waliandamana kwa wingi wakitaka karo zianguke. Desemba 2017 Rais Jacob Zuma alitangaza masomo ya bure kwa watoto wa jamaa ambazo mapato yao hayazidi randi 350,000 kwa mwaka. Maskini wengi waliingia vyuoni kwa mpango huo. Lakini wakabaki watu wa katikati: mwalimu, muuguzi, polisi, ambao mapato yao yamevuka mpaka kidogo, wala hayatoshi kulipa karo. Watu hao hata hapa kwetu wako, na wengi wameketi katika ukumbi huu.

Mwisho niitaje Tanzania. Mwalimu Julius Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu za kusafiri na kuwaletea wenzake chakula kutoka mbali, asiporudi, amewasaliti. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walipoandamana kupinga kulitumikia taifa kwa lazima, Mwalimu aliwarudisha makwao mamia, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alitaka kuonyesha kwamba agano hufunga pande zote mbili, mtawala na msomi.

HOJA ZA KILA UPANDE

Sasa nizipime hoja zenyewe. Wanaotaka masomo ya bure wana maneno yenye nguvu. Wanasema daktari akisomeshwa, faida si yake peke yake. Mgonjwa asiyemjua naye hupona. Wanasema mtoto wa maskini akiambiwa habari ya deni la mamia ya maelfu ya shilingi, huogopa kabla hajaanza, hali mtoto wa tajiri haogopi. Wanasema pia kwamba masomo yakiwa ya bure kwa wote, hakuna haja ya fomu wala kipimo, na yule mjane asingalihesabiwa kuwa tajiri. Hoja hii ya mwisho si ndogo. Kipimo kibovu humwumiza yule yule kilichowekwa kumlinda.

Upande wa pili nao una maneno ya kusikilizwa. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023 walikuwako watahiniwa karibu 900,000, na waliopata alama ya C+ au zaidi, ambayo ndiyo mlango wa chuo kikuu, walikuwa kama 201,000. Yaani katika kila vijana 9, waliofika mlangoni ni 2 tu. Wale 7 wengine wako wapi? Wako mashambani, katika jua kali, kwenye bodaboda, majumbani mwa watu. Wazazi wao wanalipa kodi ya sabuni kama wengine. Tukisema kila shilingi ya chuo kikuu itoke katika kodi, tumewaambia hao 7 wawachangie wale 2, ambao kesho ndio watakaokuwa na mishahara mikubwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; ni rahisi kwetu tulio na watoto waliofaulu kusema kwamba hauna uzito.

Tena kuna jambo la bure isiyo na fedha nyuma yake. Mwaka 2003 karo za shule za msingi zilipoondolewa, watoto zaidi ya milioni 1 waliongezeka madarasani. Jambo lile lilikuwa jema, wala hapana mtu wa haki atakayetamani lirudishwe nyuma. Lakini waalimu na madawati hayakuongezeka upesi hivyo, na wazazi wenye nafasi waliwahamishia watoto wao shule za binafsi. Chuo kikuu kikitangazwa kuwa cha bure hali fedha hazifiki, kitabaki jina. Mhadhiri atagoma, maabara itafungwa, na mwenye uwezo atampeleka mwanawe ng'ambo.

Katika kikao cha tawi mmoja wa wazee wetu alisema, "Sisi tulisomeshwa bure na Serikali, mbona tuwatoze wajukuu wetu?" Mzee mwingine akamjibu, "Ndugu yangu, ulisomeshwa bure kwa kuwa mlikuwa wachache. Baba yangu alilipa kodi, nawe ukasoma. Mimi sikupata nafasi." Wote wawili walisema kweli. Tukiyaweka maneno yao pamoja twaona ya kwamba fedha za umma zilimfaa mmoja, na mwingine aliachwa nje akilipa. Atakayetunga mpango mpya sharti awakumbuke wote wawili.

NIONAVYO MIMI

Mimi naona kila hoja imeshika nusu ya ukweli, na kwa sababu hiyo siungi mkono hoja yo yote kama ilivyoandikwa. Katiba yetu ya mwaka 2010 yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima. Hilo ndilo deni la kwanza la Serikali, maana asiyepewa msingi hawezi kufika kwenye mlango wa chuo, hata mlango ukiachwa wazi. Fedha za umma zikiwa chache, na zianzie huko: mwalimu wa kutosha, kitabu, na maabara katika shule ya kutwa ya kijijini.

Kwa chuo kikuu na vyuo vya ufundi, mtoto wa maskini asomeshwe kwa fedha za umma, asitozwe mlangoni wala asifungwe deni la karo. Mwenye jamaa yenye uwezo, na yule wa katikati, asitozwe mlangoni vile vile, lakini alipe baadaye kwa kadiri ya mapato yake. Nitatoa mfano wa hesabu, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Tuseme sheria yaagiza msomi alipe shilingi 5 katika kila 100 ya mshahara uliozidi Sh. 24,000 kwa mwezi. Kijana apataye Sh. 40,000 ana ziada ya Sh. 16,000, naye atalipa Sh. 800. Apataye Sh. 200,000 ana ziada ya Sh. 176,000, naye atalipa Sh. 8,800. Asiye na kazi hatalipi kitu, wala hataongezewa faini kwa kosa la kukosa kazi. Hivyo yule aliyefanikiwa kwa shahada ndiye amrudishiaye mama wa sokoni fedha zake, na yule ambaye shahada haikumfaa haandamwi.

Naukubali ugumu uliomo. Mwenye mshahara hukatwa kwa urahisi, lakini mfanya biashara na mwenye kazi zake mwenyewe hujificha. Kwa hiyo mpango huu hautaondoa haja ya kodi njema na hesabu safi. Hata hivyo ni afadhali kuliko kumtoza mjane kabla binti yake hajaingia darasani.

Bwana Mwenyekiti, naomba basi mkutano uyafikirie maazimio haya matatu badala ya zile hoja mbili.

La kwanza, tuwaandikie Wabunge wetu. Lakini barua yetu isiwe ya kusema "tupeni bure" na kunyamaza. Itaje mambo manne: shule za msingi na za kutwa zipewe fedha kwanza, mtoto wa maskini asilipe karo wala asikopeshwe karo, wengine walipe baadaye kwa kadiri ya mapato, na kipimo cha uwezo wa jamaa kifanyike penye macho ya watu, karibu na nyumbani, pamoja na wazee wa mtaa, na mtu aliyedhulumiwa apate mahali pa kulalamika na kujibiwa kabla muhula haujaanza.

La pili, tusiufunge mfuko wetu wa karo. Hata Serikali ikilipa karo yote, kijana atahitaji nauli, kodi ya chumba, chakula, na vitabu. Wengi huacha masomo kwa hayo madogo, wala si kwa karo yenyewe. Wazee wetu wa mapema miaka ya 1970 hawakungoja. Kwa fedha za harambee walianzisha vyuo vya ufundi katika wilaya mbalimbali, na baadhi yake vimekuwa vyuo vikuu: Masinde Muliro kule Kakamega na Dedan Kimathi kule Nyeri vyote vina mizizi ya michango ya watu wa kawaida. Tukiufunga mfuko wetu leo kwa kutumainia ahadi, na ahadi ikachelewa, watakaoumia ni watoto wa wanachama hawa hawa.

Tena mfuko huo usiwe wa chuo kikuu peke yake. Kijana aendaye kujifunza uashi, umeme au ushonaji katika chuo cha ufundi na ahesabiwe sawa na mwenziwe. Na msichana asiachwe nyuma eti kwa kuwa ataolewa. Hoja hiyo tuliisikia zamani, na matokeo yake twayaona majumbani mwetu.

La tatu, na hili lawahusu vijana na sisi tulio makazini. Tangu sasa kila atakayesaidiwa na mfuko atie sahihi ahadi ya kwamba, akiisha kupata kazi, atachangia masomo ya mtoto mmoja wa mwanachama mwingine, kidogo kidogo, mpaka kiasi alichopewa kirudi. Asipopata kazi hatadaiwa, ila atatoa ripoti kwa Halmashauri kila mwaka. Na sisi tuliokwisha kusomeshwa, ama na Serikali, ama na misheni, ama na jasho la wazee hawa, tuanze mwaka huu bila kungoja kulazimishwa. Dawa ya deni ni kulipa. Hatuwezi kuiambia Serikali iwadai wasomi wa nchi nzima, hali wasomi wa chama kimoja hawajajidai wenyewe.

Najua wako watakaosema kwamba maazimio haya ni ya njia ya katikati, na kwamba njia ya katikati haimfurahishi mtu. Yawezekana. Lakini yule mzee aliyesomeshwa na yule aliyeachwa nje wangali ni wanachama wa chama kimoja, hutoa mchango ule ule kila mwezi, na wajukuu wao husoma shule moja. Mpango utakaompendeza mmoja na kumdhulumu mwingine hautadumu hata katika chama hiki, sembuse katika taifa.

Yule binti wa mjane niliyemtaja yuko chuoni sasa. Mfuko wenu ndio uliomtolea fedha za muhula wa kwanza, na Mweka Hazina anayo stakabadhi. Kama tungalikuwa tumeufunga mwaka uliopita, angalikuwa nyumbani hata leo akingoja Wabunge wakubaliane. Na iwapo sisi hatutawadai waliosaidiwa kabla yake, sijui yule atakayemfuata atalipiwa na nani.

Nawaachia maneno haya, Bwana Mwenyekiti, na nawaomba wazee wayasahihishe palipo na kosa kabla ya kura kupigwa.